Ufunguo Umo, Kitanda Hakimo

Nyumba ikishatangazwa kuwa inauzwa, mazungumzo ya kwanza huwa ya bei, ya pili ya hati, ya tatu ya ujira wa dalali. Makochi, vitanda, makabati, friji na mapazia husubiri. Husubiri hadi mnunuzi aliyekwisha kukubali bei asimame sebuleni, azungushe macho, kisha aulize kana kwamba jambo lenyewe ni dogo: "Na hivi vyote vinabaki?" Muuzaji aliyechoka kufungulia watu mlango kila Jumamosi, na anayeogopa kumpoteza mtu mwenye fedha taslimu, hutoa jibu ambalo hakuwahi kulifikiria. Akikubali, ametoa mali bila kuhesabiwa chochote. Akikataa, mnunuzi anahisi amenyang'anywa kitu alichokwisha kukiona chake, na maneno ya bei yanaanza upya. Ninavyoona mimi, kosa liko nyuma ya swali hilo. Muuzaji amelichukulia kuwa swali moja, aache au aondoe, ilhali ni maswali mengi kadiri ya vitu vilivyomo. Kila kitu kinatakiwa kiulizwe peke yake: kazi yake inategemea nyumba hii, au inategemea watu waliokuwa wakiishi humu? Kinachotegemea nyumba kibaki, hata kama kinaenea mfukoni. Kinachotegemea watu kiondoke nao, hata kama kukibeba kunahitaji vijana sita na lori. Mnunuzi akikitaka, kiwe na bei yake kando ya bei ya nyumba.

Jambo hili ni kongwe kuliko madalali wote. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Shamu aliyefariki mwaka 1277, aliligusa katika Minhaj, kitabu kinachotegemewa sana na wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani yetu. Katika mlango wa mauziano anaeleza nini kinaingia ndani ya nyumba inapouzwa pasipo kutajwa. Ardhi imo, na kila lililojengwa limo, hata hamamu yake. Vinavyohamishika havimo, na mifano anayotoa ni ndoo ya kisimani, kapi lake, na kitanda. Milango iliyokwisha kusimamishwa imo pamoja na pete zake. Rafu na ngazi zimo zikiwa zimepigiliwa misumari. Mpaka hapo mtu anaweza kudhani kipimo ni msumari tu: kilichoshikizwa kimo, kisichoshikizwa hakimo. Lakini Nawawi anaendelea. Jiwe la chini la kusagia limo, na jiwe la juu, ambalo mtu hulinyanyua kwa mikono miwili, nalo limo kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Vivyo hivyo ufunguo wa kitasa kilichofungwa mlangoni.

Tuutazame ufunguo huo. Hakuna kitu chepesi zaidi ndani ya nyumba. Hutoka kila siku ukienda sokoni na kazini, na hulala mfukoni mwa mtu. Kwa kipimo cha msumari ungekuwa wa kwanza kuondoka. Ila nje ya kitasa chake ni kipande cha chuma kisicho na kazi, na kitasa bila ufunguo ni mzigo kwa mlango. Jiwe la juu nalo bila la chini halisagi. Kitanda kiko upande mwingine kabisa. Kinaweza kuwa kizito kuliko mlango, kiwe kimeundiwa humo humo chumbani na hakijatoka kwa vizazi viwili, lakini ukikihamishia nyumba nyingine usiku huo huo kinalaliwa kama kawaida. Hakijapoteza kitu, wala chumba hakijapata jeraha. Nawawi na wanachuoni wenzake walikuwa wakilinda mikataba isivunjike kwa ugomvi, hawakuwa wakimshauri mtu apate faida. Hata hivyo kipimo chao, yaani kipi kinakosa maana kikitengwa na kipi hakikosi, ndicho ninachokiona bora hata kwa muuzaji wa leo anayetafuta faida yake.

Waingereza walifika karibu na hapo kwa njia ya mahakama. Katika kesi ya Holland na Hodgson ya mwaka 1872, ubishi ulikuwa juu ya mitambo ya kufumia nguo iliyopigiliwa misumari kwenye sakafu ya kiwanda: ni sehemu ya jengo au ni mali ya kubebeka? Jaji Blackburn alisema yatazamwe mambo mawili, kitu kimeshikizwa kwa kiasi gani na kimeshikizwa kwa kusudi gani. Mfano wake wa mawe unafaa kukumbukwa. Mawe yaliyorundikwa uani kwa fundi yanasubiri kuuzwa, ni bidhaa. Mawe hayo hayo yakipangwa kuwa ukuta, bila tone la chokaa kati yake, yamekuwa sehemu ya ardhi. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1996, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitumia kipimo hicho katika shauri la Botham dhidi ya benki ya TSB, ikipitia fleti moja kitu baada ya kitu. Makabati yaliyojengewa jikoni na vifaa vya bafuni vikahesabiwa kuwa sehemu ya nyumba. Mazulia, mapazia, friji na mashine za jikoni vikahesabiwa kuwa ni mali ya kubebeka. Kenya na Tanganyika zilipokea sheria hiyo ya Kiingereza wakati wa ukoloni, na Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inaposema ardhi inajumuisha majengo na miundo iliyoshikizwa humo kwa kudumu, inasimama juu ya msingi huo huo. Kwa hiyo mtu wa Tanga au Mombasa asidhani friji inafuata nyumba kwa kuwa imekaa pale miaka kumi. Haifuati mpaka iandikwe.

Hata hivyo fikihi na mahakama zinasema tu kinachotokea watu wanaponyamaza. Muuzaji na mnunuzi wana ruhusa ya kukubaliana vingine, na hapo ndipo mtu anatakiwa ajue lililo na manufaa, baada ya kujua lililo halali. Nadhani mambo hayo mawili yanaelekea upande mmoja kwa sababu ya kiuchumi iliyo wazi. Chukua kabati la nguo lililojengewa ukutani, lenye milango mitatu ya mninga, limepimwa na fundi kuanzia sakafu hadi dari. Likiwa mahali pake ni kabati la maana, na mnunuzi analiona. Likibomolewa, upande wa nyuma hauna mbao kwa kuwa ukuta ndio uliokuwa mgongo wake, milango haipati fremu inayolingana nayo, na rafu zinageuka vipande vya mbao ambavyo fundi wa pili atavinunua kwa bei ya kutupa. Ukutani kumebaki mashimo ya misumari, plasta imebanduka, na rangi imeacha umbo la kabati kama kivuli. Muuzaji amepoteza kabati, na amepoteza pia sehemu ya thamani ya chumba. Ndivyo ilivyo kwa pampu iliyochaguliwa kwa kina cha kisima fulani, kwa tangi la maji lililopandishwa juu ya mnara wake, kwa inveta na betri zilizounganishwa na waya za nyumba ile, na hata kwa mapazia marefu yaliyoshonwa kwa madirisha ya tao ambayo hayatatosha popote pengine. Haya ya mwisho sheria inayaita mali ya kubebeka. Mimi ningeyaacha, lakini ningeyaandika.

Upande wa pili hasara inageuka. Seti ya makochi ambayo mwenyewe aliiagiza kwa fundi wa Keko, Dar es Salaam, miaka minane iliyopita ina thamani mbili. Kwake inamstahili, inatosha watu wake, na kununua nyingine ya mbao za aina ile leo kutamgharimu fedha nyingi. Kwa mnunuzi ni makochi ya mtu mwingine: kitambaa hakukichagua, povu limekwisha kukaa umbo la waliokalia, na huenda tayari ana makochi yake. Ataitathmini kwa nusu ya nusu, au ataiona ni kazi ya kuondoa. Godoro ni mbaya zaidi, halina bei kabisa kwa mgeni. Vitu vya namna hii vikiingizwa ndani ya bei ya nyumba, muuzaji anavihesabu kwa thamani yake yeye, mnunuzi anavihesabu kwa thamani yake yeye, na tofauti hiyo inabebwa na muuzaji. Ndiyo maana wazo kwamba nyumba yenye fanicha huongeza bei halinishawishi kwa makazi ya kawaida. Huongeza matumaini ya muuzaji tu.

Ushahidi wa kutenganisha masoko haya mawili uko London, ila unaanzia Unguja. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 na kujulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, alinunua nyumba ya Garden Lodge huko Kensington mwaka 1980. Alipofariki mwaka 1991 ilirithiwa na rafiki yake Mary Austin, aliyeishi humo zaidi ya miaka 30, vitu vingi vikibaki kama vilivyoachwa. Alipoamua kuachana navyo, hakuuza nyumba na vilivyomo kwa mkupuo. Mwaka 2023 vitu vilipelekwa mnadani Sotheby's, vikaingiza karibu pauni milioni 40. Piano kubwa ya Yamaha peke yake ilivuka pauni milioni 1.7. Mwaka uliofuata nyumba ikatangazwa kwa bei iliyozidi pauni milioni 30. Yaani vilivyokuwa ndani vililingana na nyumba katika mojawapo ya mitaa ghali ya London, na labda viliipita. Mtu atasema makochi yetu hayakukaliwa na mwimbaji mashuhuri, na ni kweli. Lakini umaarufu unaeleza ukubwa wa tarakimu tu. Kinachobaki kuwa kweli kwa nyumba ya Mbagala kama ya Kensington ni kwamba anayetaka piano si lazima atake nyumba, na anayetaka nyumba si lazima atake piano. Ukiviweka pamoja, umejifungia kwa mtu mmoja adimu anayevitaka vyote viwili, tena kwa wakati mmoja.

Katika mnada ule uliuzwa pia mlango wa bustani wa Garden Lodge, uliojaa maandishi ya mashabiki, kwa pauni 412,750. Kwa Nawawi mlango uliosimamishwa umo ndani ya nyumba, na kwa Jaji Blackburn pia. Je, hapa kipimo kimevunjika? Sidhani. Uulize mlango ule kile tunachouliza ufunguo: thamani yake inategemea nini? Mbao na bawaba zake zilikuwa za kawaida. Kilichonunuliwa ni maandishi, na maandishi yalimtegemea mtu. Uliondoka na vitu vya mtu huyo kwa sababu hiyo, na ukuta uliweza kupata mlango mwingine.

Milango ya pwani ni habari tofauti, na inafaa tuikalie kidogo kwa kuwa hapa ndipo wauzaji wengi walipokosea, wakati mwingine kwa umaskini na wakati mwingine kwa tamaa. Lamu, Mombasa, Bagamoyo na Unguja kuna nyumba za mawe ambazo mlango wake wa nakshi, wenye kizingiti kilichochongwa maua, nguzo ya katikati na mnyororo, ndio uso wa nyumba. Inasimuliwa kwamba wajenzi wa Unguja walikuwa wakiusimamisha mlango kwanza, kuta zikaufuata. Milango mingi iling'olewa ikauzwa peke yake, kwa sababu hesabu ya haraka inasema mlango una fedha nyingi kuliko nyumba iliyochakaa. Sheria ikalazimika kuingilia. Kenya, katika Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kilichohifadhiwa. Tanganyika, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilikwisha kufanya hivyo kwa milango ya kabla ya mwaka 1940. Kuutoa mlango wa namna hiyo nje ya nchi bila kibali ni kosa. Lakini hata pasipo sheria, mlango wa Lamu ulioondolewa ni mbao nzuri zinazogeuzwa meza ya hoteli, na nyumba iliyobaki ina shimo lililozibwa kwa mlango wa bati. Jumla ya thamani ya vipande viwili imekuwa ndogo kuliko ya kimoja. Hiyo ndiyo ishara ya kitu kinachotegemea nyumba. Ndani ya nyumba hizo hizo kuna zidaka, vile vishubaka vya plasta vilivyopangwa ukutani safu juu ya safu. Hakuna awezaye kuving'oa. Sahani na vibakuli vya kauri vilivyopangwa humo vilikuwa mali ya wenyewe, na vimekuwa vikitawanyika kwa urithi na mauzo bila kidaka hata kimoja kuvunjika. Kiti cha enzi na samadari navyo ni hivyo hivyo. Ni vitu vya fahari, vyenye umri mkubwa kuliko wenye nyumba, lakini vinasimama vyenyewe popote. Anayeviacha ndani kwa sababu "vinaendana na nyumba" amechanganya uzuri na utegemezi.

Tuingie kwenye fedha kwa undani kidogo, maana hapa hoja ya kutenganisha bei ina nguvu ya tarakimu. Mnunuzi akinunua kwa mkopo, benki hutuma mthamini. Mthamini hupima kiwanja, jengo, barabara na mtaa. Hafungui friji, wala halali kitandani. Mkopo unatolewa kwa thamani hiyo, na dhamana yake ni nyumba. Fanicha iliyojazwa ndani ya bei inaisukuma bei juu ya thamani ya mthamini, na pengo hilo mnunuzi analipa kutoka mfukoni, pengine akiwa amekwisha kukausha mfuko kwa malipo ya awali. Wakati mwingine mauzo hukwama hapo, kwa ajili ya makochi. Halafu kuna ushuru wa stempu. Nchini Kenya hutozwa asilimia 4 ya thamani kwa mali iliyo mjini na asilimia 2 kwa iliyo vijijini. Nyumba ya mjini ikiandikwa shilingi milioni 20, ushuru ni 800,000. Ikiwa ndani ya milioni hizo 20 kuna samani za milioni 1.5 ambazo hazikutajwa, mnunuzi amelipa shilingi 60,000 za ushuru wa ardhi kwa ajili ya meza na viti, vitu ambavyo huhama kwa kukabidhiana mkono kwa mkono bila msajili wa ardhi kuhusika. Kinyume chake kipo pia, nacho ni udanganyifu: watu wawili wanakubaliana kuandika kwamba mapazia yana thamani ya milioni tano ili bei ya nyumba ionekane ndogo. Mthamini wa serikali naye ana macho. Orodha ya kweli yenye bei za kweli inamlinda kila mmoja dhidi ya mwenzake na dhidi ya kishawishi chake mwenyewe.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba nyumba tupu haivutii. Kuta zinaonekana na nyufa zake, sauti inarudi kama msikitini, vyumba vinaonekana vidogo kwa kuwa jicho halina cha kupimia. Nakubali yote. Ila hilo ni swali la kuonyesha, na sisi tunajadili kuuza. Hakuna anayelazimika kuhamisha makochi kabla ya mnunuzi kupatikana. Yabaki, yapigwe vumbi, mapazia yafunguliwe, na mnunuzi aambiwe siku ya kwanza, kabla hajapanda ngazi, kwamba haya yanaondoka na haya yanabaki. Mnunuzi aliyeambiwa mapema hujenga bei yake juu ya ukweli. Aliyeachwa adhani atakuja kuhisi ameibiwa siku ya kukabidhiwa funguo, akikuta taa ya sebuleni imeondolewa na waya mbili zinaning'inia darini. Mzozo wa aina hiyo huwa mkali kupita thamani ya taa, kwa sababu taa ni kitu kidogo na kudanganywa ni jambo kubwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwenye fukwe. Diani, Watamu, Nungwi na Paje kuna nyumba na fleti zinazopangishwa wageni kwa siku au kwa wiki. Mtu akiuza mojawapo bila vitanda, bila vyandarua, bila mashuka, sufuria na viti vya baraza, amemuuzia mwenzake kitu kisichoweza kuingiza senti kwa miezi miwili. Je, hapa ushauri wangu haujawa upuuzi? Ungekuwa upuuzi kama kipimo kingekuwa "kinachobebeka kiondoke". Lakini kipimo ni kazi inayotegemea nini, na katika nyumba ya namna hiyo kitanda hakimtegemei mwenyewe, maana mwenyewe hakilalii. Kinaitumikia biashara. Kimekuwa jiwe la juu la kusagia: kinabebeka, ndiyo, ila la chini bila hilo halisagi. Hapo kinachouzwa ni nyumba na shughuli yake, na samani ni sehemu ya shughuli. Ziachwe, ila zihesabiwe, tena kwa ukali kuliko kwingine, vijiko hadi taulo, kwa kuwa mnunuzi ananunua uwezo wa kumpokea mgeni wa Ijumaa ijayo. Na ndani ya nyumba hizo hizo mara nyingi kuna chumba kimoja kilichofungwa chenye vitu binafsi vya mwenye mali. Hicho kiondoke chote.

Kuna na pingamizi la moyo. Watu wetu hawapendi kuikabidhi nyumba ikiwa imekombwa mpaka balbu. Wanaona ni uchoyo, na wengine wanaona ni nuksi kwa anayeingia. Kumwachia mgeni meza, jiko, mtungi wa gesi wenye gesi nusu, yuniti kadhaa za umeme kwenye LUKU, ni ukarimu mzuri na sina neno dhidi yake, mradi uwe ukarimu. Zawadi hutolewa baada ya bei kukamilika, nayo hutolewa na mtu anayejua anatoa nini. Kinachopita kwa jina hilo mara nyingi ni kitu kingine: friji isiyogandisha, kochi lenye mguu wa tofali, kabati lililoliwa na mchwa, vitu ambavyo muuzaji hakutaka kulipia mkokoteni wa kuviondolea. Mnunuzi anashukuru kwa adabu, kisha anatafuta mkokoteni yeye. Tena hisani hii inawaruka walio karibu. Katika familia nyingi vitu vya nyumba inayofungwa vina wenye haki ya kimila kabla ya mgeni: mpwa anayeanza maisha, dada wa kazi aliyekaa miaka sita, jirani aliyeshika ufunguo wa akiba. Kumwachia mnunuzi aliyelipa mamilioni kitanda ambacho mpwa angekifurahia ni ukarimu uliokosea njia.

Limebaki jambo ambalo kwa desturi huachwa mpaka ugomvi ulilete: ni nani mwenye haki ya kujibu lile swali la sebuleni. Jina kwenye hati halisemi kitu kuhusu kitanda. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 imekwenda mbali zaidi, kwa kuwa vyombo na samani za nyumba ya ndoa zimetajwa humo waziwazi kuwa mali ya ndoa, na mali hiyo katika ndoa ya mke mmoja haihamishwi bila ridhaa ya wote wawili, ingawa Mwislamu anaweza kufuata sheria ya dini yake. Kwa hiyo mume anayemwambia mnunuzi "vyote vinabaki" huenda anauza kabati ambalo si lake kuliuza. Kwenye nyumba ya marehemu hali ni ngumu zaidi. Samani ni sehemu ya tarika, yaani mali aliyoiacha, kama nyumba yenyewe. Katika mirathi ya Kiislamu gharama za maziko na madeni hutoka kwanza, wosia usiozidi theluthi unafuata, kisha warithi kila mmoja na fungu lake. Mrithi mmoja anayeishi Muscat au Toronto anaweza kukubali bei ya nyumba kwa simu na asijue kwamba samadari ya bibi imekwenda nayo bure. Orodha iliyoandikwa mapema, chumba kwa chumba, ikiwa na safu moja ya vinavyobaki, moja ya vinavyouzwa kando na moja ya vinavyoondoka, na mbele ya kila kitu jina la mwenyewe, huchukua siku moja na karatasi tatu. Isainiwe na wote wenye haki kabla dalali hajaleta mtu wa kwanza, iambatishwe kwenye mkataba wa mauziano, na ionyeshe siku ambayo vinavyoondoka vitakuwa vimetoka na nani atalipia plasta ya mashimo.